Presha ya damu, presha ya mawazo: maradhi ya mwili yanavyoufikia ubongo

Mama mkubwa wangu amekaanga vitumbua mjini Tanga kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka juzi kazi hiyo ikaanza kumshinda. Hakusahau vinavyopikwa, ukimuuliza, anakutajia vyote bila kusita: mchele ulowekwe usiku, tui, hamira, iliki, sukari. Kilichompotea ni mpangilio. Asubuhi moja nilimkuta chuma kiko motoni, mafuta yanatoa moshi, rojo limo bakulini, na hamira bado iko kwenye pakiti mkononi mwake. Aliitazama kama mtu aliyepewa barua isiyo yake. Kisha akainyunyiza juu ya vitumbua vilivyokwisha anza kuiva.

Wanawe walisema ni uzee. Jirani alisema kachezewa, maana kibanda cha pili cha vitumbua kilikuwa kimefunguliwa mtaani mwezi uleule. Mimi nilisema ni mawazo, kwa kuwa alikuwa amefiwa na mumewe. Daktari hakusema chochote kwanza. Alimfunga kipimo mkononi, akasoma 178 kwa 104, akauliza kama ana dawa za presha. Anazo. Anazimeza saa ngapi?

"Kichwa kikiuma."

Nadhani nusu ya mkanganyiko wetu imo kwenye maneno. Presha, kwa Kiswahili cha mtaani, inafanya kazi mbili. "Usinipe presha" maana yake usinihangaishe. "Ana presha" maana yake damu yake inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi. Neno likiwa moja, tumeamini na kitu ni kimoja. Ndiyo maana utasikia, "Yule mzee mcheshi vile, presha ataitoa wapi?" Na ndiyo maana mgonjwa aliyetulia, asiye na ugomvi na mtu, anaona hana sababu ya kumeza kidonge leo. Neno mawazo nalo ni hivyo hivyo: linabeba fikra, huzuni, wasiwasi na ugonjwa kamili kwenye kapu moja.

Basi tuyatenganishe kidogo kabla ya kwenda mbele. Presha ya damu ni kipimo, kina namba mbili, na mtu akikutwa na 140 kwa 90 au zaidi kwa kurudiarudia huhesabiwa kuwa nayo, awe amekasirika au anacheka. Kisukari ni sukari kuzidi kwenye damu kwa sababu homoni ya insulini haitoshi au haifanyi kazi yake. Kiharusi ni sehemu ya ubongo kukosa damu ghafla, ama mshipa umeziba ama umepasuka. Sonona ni ugonjwa wa kushuka moyo unaodumu angalau wiki mbili, unaoondoa hamu ya kula, ya kulala, ya kazi, hata ya kuoga. Sivyo ilivyo huzuni ya msiba, ambayo huja na kupungua. Dimenshia ni akili kufifia hatua kwa hatua hadi mtu ashindwe na shughuli zake za kila siku. Hilo neno la mwisho lichukulie kama neno homa. Homa si ugonjwa mmoja. Yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa taifodi, yaweza kuwa mkojo mchafu. Dimenshia nayo ina vyanzo vingi. Kinachoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1906, na kinachofuata ni mishipa ya damu. Kwa wazee wengi vyote viwili hukaa pamoja.

Mlaji mkubwa asiye na ghala

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, yaani asilimia 2 ya mwili. Hata hivyo unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Fikiria nyumba ya watu 50 ambamo mtu mmoja anakula chakula cha watu 10. Na huyo mlaji hana kabati. Ini na misuli huweka akiba ya sukari. Ubongo hula kinacholetwa sasa hivi. Damu isipofika kabisa, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde kumi hivi. Kwa hiyo chochote kinachoharibu njia za damu lazima kiuguse, hata kama ugonjwa wenyewe tumezoea kuuita wa moyo au wa figo.

Uharibifu wenyewe unakwendaje? Mwenye kulima nyanya kwa umwagiliaji wa matone ataelewa upesi. Tangi limejaa. Pampu inanguruma. Bomba kuu halina kasoro. Lakini miche ya mstari wa mwisho imenyauka, kwa sababu vitundu vidogo vimeziba chumvi. Ukipima maji kwenye tangi utaapa kwamba shamba linanyweshwa. Ubongo umejaa vimishipa vya mwisho vya namna hiyo, vyembamba kuliko unywele. Presha ikikaa juu miaka kumi au kumi na tano, vinajikinga kwa kunenepesha kuta zake, tundu la ndani linazidi kuwa dogo, vingine vinaziba, vingine vinavuja matone ya damu. Sukari nyingi nayo huchubua utando wa ndani wa mishipa na kuikakamaza. Sigara nayo hufanya kazi ileile.

Hakuna maumivu. Sehemu zinazonyauka kwanza mara nyingi ni zile za kina, zenye nyaya zinazounganisha upande mmoja wa ubongo na mwingine, wala si zile zenye kumbukumbu. Ndiyo sababu mama mkubwa alikumbuka viungo vyote na bado hakuweza kupika. Kinachokwenda kwanza kwa watu wa namna yake ni kupanga, kuanza, kubadili kutoka jambo hili kwenda lile, na kasi ya kufikiri. Fundi cherehani anakata mikono ya gauni kabla ya kupima. Muuza duka anakokotoa chenji hadi mteja anachoka. Mwenye Alzheimer kwa kawaida huanzia kwingine: anapoteza mambo ya jana huku ya mwaka 1974 akiyasimulia na rangi za nguo zilizovaliwa.

Na kusahau kwa kawaida, kule kwetu sote? Ukiwa harusini jina la bwana harusi likakutoka, hilo halina neno. Ukiuliza kwa mara ya tatu hii ni harusi ya nani, nawe umevaa sare ya familia, hapo pana jambo.

Imani ya kwamba presha kupanda uzeeni ni kawaida haikuanzia kwetu. Madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliishika mpaka katikati ya karne iliyopita. Walidhani mwili unapandisha presha makusudi ili kusukuma damu kwenye mishipa iliyozeeka, na kuishusha ni kumdhuru mtu. Franklin D. Roosevelt, rais wa Marekani, alipimwa Machi 1944 akakutwa na 186 kwa 108. Dawa za maana za kuishusha hazikuwepo. Aliendelea na vita na mikutano hadi tarehe 12 Aprili 1945, akiwa Warm Springs huko Georgia, alipolalamika kichwa kinamuuma sana, akazimia. Daktari wake wa moyo alisoma 300 kwa 190. Alikufa mchana huo kwa damu kuvuja ndani ya ubongo, akiwa na miaka 63. Miaka mitatu baadaye, katika mji wa Framingham huko Massachusetts, ulianzishwa utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 5,000 kwa miongo kadhaa, na ile hoja ya "kawaida ya uzee" ikaanza kufa. Huku kwetu bado inapumua.

Namba za hapa nyumbani zinatisha vya kutosha. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam 316. Jiji lilikuwa na karibu mara tatu. Hukohuko Hai, utafiti uliochapishwa 2013 uliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, ukakuta asilimia 6.4 wana dimenshia. Yaani kwenye kila wazee 16 mmoja anayo, wala hapo hatuzungumzii Ulaya, tunazungumzia watu wa migombani.

Swali la kwanza: ilianza lini?

Ndugu yako akianza kusema au kutenda visivyo vyake, usianze na "nini kimemsibu". Anza na saa. Kasi ya mabadiliko inasema mengi kuliko sura yake.

Ikiwa ni dakika, yaani alikuwa mzima akinywa chai, mara mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea, maneno yanakokota, hicho ni kiharusi mpaka hospitali iseme vingine. Kila dakika mshipa mkubwa unapokuwa umeziba, seli za ubongo zinazokufa zinakadiriwa kuwa karibu milioni 2. Ipo dawa ya kuyeyusha donge la damu, lakini dirisha lake ni saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ni lazima kichwa kipigwe picha kwanza, kwa sababu kama mshipa umepasuka badala ya kuziba, dawa hiyo inaweza kumuua. Kwa sababu hiyohiyo usimpe aspirini nyumbani. Usimpe maji wala uji, maana koo nalo linaweza kuwa limepooza. Usimkande, usimpeleke kwanza kwa mtu wa kumtoa upepo. Upande mmoja wa mwili hupooza kwa sababu kila nusu ya ubongo inaendesha upande wa pili wa mwili. Zikipotea dalili baada ya nusu saa, nenda vilevile. Hilo ni onyo, na kiharusi chenyewe kinaweza kufuata katika siku chache.

Dakika hizohizo zinaweza pia kuwa sukari iliyoshuka, na hapa tunawaonea watu sana. Mgonjwa wa kisukari aliyechoma insulini au kumeza kidonge kisha akachelewa kula hutoka jasho, hutetemeka, hugombana bila sababu, huyumba. Ubongo wake umekosa chakula. Watu hudhani amelewa. Nimewahi kuona dereva wa bajaji akipigwa makofi kituoni kwa kosa hilo, mpaka mama muuza kahawa alipomtilia sukari kwenye kikombe na kumlazimisha anywe. Baada ya robo saa alikuwa anaomba radhi kwa mambo asiyoyakumbuka. Chini ya 4 kwenye kile kipimo cha kidole, kinachosoma kwa mmol/L, ni hatari. Soda ya kawaida, juisi, au sukari iliyokorogwa kwenye maji itafaa, lakini kwa mtu anayeweza kumeza tu. Aliyezimia apelekwe hospitali. Wanaofunga Ramadhani nao walijue hili: sukari ikishuka chini ya 3.9 au kupanda zaidi ya 16.7, ushauri wa kitabibu ni kufungua hapohapo, na dozi zipangwe upya na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Ikiwa ni siku, kwa mfano bibi alikuwa sawa Ijumaa na Jumapili anaongea na marehemu, anachanganya mchana na usiku, mara amezubaa mara amechachamaa, fikiria maambukizi kwanza. Mkojo, mapafu, malaria, upungufu wa maji, au dawa mpya aliyopewa. Kwa mzee, ubongo huweza kulalamika kabla homa haijapanda. Hali hii hutibika, lakini ni rahisi kuipeleka kwa waganga, kwa sababu inatisha na imekuja kama imetumwa.

Wiki kadhaa huashiria sonona. Miezi na miaka, dimenshia. Lakini hata kwenye miezi, usikate tamaa kabla ya vipimo. Tezi ya shingo iliyolegea, kaswende ya zamani, VVU visivyotibiwa, pombe ya miaka mingi, upungufu wa vitamini B12: vyote hivi vinaweza kuvaa nguo ya dimenshia. Hiyo B12 niitaje mara mbili, maana metformini, kidonge cha kisukari ambacho nyumba nyingi zinacho, ukikitumia miaka mingi kinaweza kuishusha. Usikiache kwa sababu hiyo, omba upimwe.

Sonona na maradhi ya mwili zinakamatana mkono. Mwenye kisukari ana uwezekano wa kuugua sonona karibu mara mbili ya asiye nacho. Mwenye sonona naye hamezi dawa, hatembei, hali vizuri, anavuta zaidi, na sukari inapanda. Baada ya kiharusi ndipo hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa hapo si kukata tamaa tu kwa mtu aliyepoteza mkono. Jeraha lenyewe la ubongo hugusa sehemu zinazoendesha hisia. Ukimwambia "jikaze" unazungumza na kiungo kilichoumia. Tungeona aibu kumwambia hivyo aliyevunjika paja.

Dawa, chumvi, na barza

Mazungumzo ya dawa za presha huishia kwenye sentensi moja: "Ukianza, huachi." Ni kweli kwa wengi, ila sababu imegeuzwa. Mtumbwi unaovuja, mtu huchota maji kila saa kwa sababu tundu lipo. Hakuna anayemwambia asianze kuchota, atazoea. Wanaume wana hofu nyingine ambayo wanaisema kwa kunong'ona, kwamba dawa zinamaliza nguvu za kiume. Baadhi zinaweza kupunguza, na daktari anaweza kubadilisha. Lakini presha na sukari zenyewe huharibu mishipa ileile inayohitajika kwa shughuli hiyo, kwa hiyo anayekimbia dawa ili aokoe ndoa anafanya biashara ya hasara.

Je, kushusha presha kunalinda akili kweli? Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa 2019 ulilinganisha watu walioshushiwa namba ya juu chini ya 120 na walioachwa chini ya 140. Kundi la kwanza lilikuwa na upungufu wa asilimia 19 wa ile hali ya akili kuanza kupwaya. Kwa dimenshia kamili tofauti ilikuwa ndogo mno kuweza kuthibitishwa, pengine kwa sababu majaribio yalikatishwa mapema na dimenshia huchukua muda. Asilimia 19 kwa vidonge vya bei ndogo si haba.

Chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye ng'onda, viungo vya mchemraba na chipsi. Sisi watu wa pwani tunaipita kabla ya adhuhuri. Kutembea, kulala, kuacha sigara, mnayajua.

Lililonishangaza mimi ni masikio. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 ambayo, yakidhibitiwa tangu utotoni hadi uzeeni, karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Hesabu hiyo ni ya umma mzima. Haina maana kwamba wewe una nusu bahati na nusu mkosi. Presha imo, kisukari kimo, sonona, pombe, moshi wa hewa chafu, elimu ndogo. Ila yenye mafungu makubwa kuliko yote ni mawili: lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu, na kutosikia. Hapo nikamkumbuka babu yangu kwenye barza. Masikio yalipoanza kuziba, wenzake waliendelea kucheza bao na kubishana, naye akawa anacheka pale wanapocheka, kisha akaacha kucheka, kisha akahamia chumbani. Tulisema amekuwa mkimya. Hakuna aliyemchunguza hata nta ya masikio.

Na kuna gharama ambayo haipimwi hospitali. Usukumani, vikongwe wenye macho yaliyowiva kwa moshi wa kuni wameuawa kwa kuitwa wachawi; Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, wazee wamekatwa mapanga kwa tuhuma hizohizo, mara nyingi nyuma yake pakiwa na shamba la kugombaniwa. Mzee anayetoka nje usiku bila nguo, anayeongea peke yake, anayeingia nyumba isiyo yake, ni rahisi sana kumpa jina hilo. Dimenshia inafanya yote hayo.

Mama mkubwa sasa anameza vidonge vyake kila asubuhi, kichwa kiume kisiume, na mjukuu wake anatia alama kwenye kalenda ya ukutani. Presha imekaa kwenye 130 na kitu. Kilichonyauka hakikuota tena. Daktari alituambia mapema kwamba hakitaota. Lakini kile kushuka ngazi kwa ngazi, wiki hii sawa, wiki ijayo kashuka, hatujakiona tangu mwaka jana. Mjukuu hupanga vitu mezani kwa mstari kuanzia kushoto: mchele uliosagwa, tui, sukari, iliki, hamira, na chuma mwisho kabisa karibu na jiko. Bibi anafuata mstari kwa mkono wake mwenyewe na hapendi kusaidiwa kumimina.

Jumamosi aliniuliza mara mbili kama nimeoa. Vitumbua vilikuwa vimeumuka vizuri.